H. G. Wells na Elimu ya Atomu: Neno Lililotangulia Kitu

Wengi walioandika juu ya H. G. Wells humwita nabii. Husema kwamba mwaka 1914, yaani miaka 31 kabla ya mji wa Hiroshima kuteketezwa, alitunga hadithi yenye mabomu ya atomu, na kwamba aliyaita kwa jina lile lile linalotumika hata leo. Habari hiyo ni kweli, lakini neno "nabii" halitusaidii kuielewa. Nabii hupewa habari asizozitafuta. Wells alizitafuta habari zake vitabuni, tena alikitaja waziwazi kitabu alichozitoa. Katika makala haya nakusudia kuonyesha njia iliyopitwa na wazo moja, kutoka katika maabara hadi katika riwaya, na kutoka katika riwaya kurudi katika maabara. Kisha nitaeleza kwa nini njia hiyo yatuhusu sisi tunaoshughulika na maneno ya Kiswahili.

Herbert George Wells alizaliwa Bromley, katika jimbo la Kent, Uingereza, tarehe 21 Septemba 1866. Baba yake alikuwa na duka dogo lisilo na faida, na mama yake alipata kuwa mtunza nyumba katika jumba la matajiri. Kijana mwenyewe alitiwa katika duka la nguo ajifunze biashara, kazi aliyoichukia mno. Kilichomwokoa ni mitihani: mwaka 1884 alipata msaada wa masomo katika chuo cha sayansi cha South Kensington, London, na katika mwaka wake wa kwanza alifundishwa elimu ya viumbe na T. H. Huxley, mtetezi mashuhuri wa Darwin. Masomo hayo hayakwenda sawa hadi mwisho. Alishindwa mtihani wa elimu ya miamba mwaka 1887, na shahada ya Chuo Kikuu cha London hakuipata mpaka mwaka 1890. Lakini mapenzi yake kwa sayansi hayakupungua. Miongoni mwa vitabu vyake vya kwanza kimo kitabu cha wanafunzi juu ya elimu ya viumbe, kilichochapwa mwaka 1893. Na mwaka 1943, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 75, chuo kikuu hicho hicho kilimtunukia udaktari wa sayansi.

Tukitaka kujua jinsi alivyofanya kazi, yafaa tuanze na riwaya iliyomletea sifa, The Time Machine, ya mwaka 1895. Humo mtu asafiriye katika wakati anataja hotuba ya Simon Newcomb, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, aliyoitoa New York juu ya pande nne za mahali. Na hotuba hiyo ilikuwa imetolewa kweli mwishoni mwa mwaka 1893. Karibu na mwisho wa hadithi msafiri anafika miaka milioni 30 mbele, akaliona jua limekuwa jekundu na dunia imepoa. Hesabu hiyo Wells hakuibuni tu. Wataalamu wakubwa wa zama zile, na Lord Kelvin akiwa mbele yao, walifundisha kwamba jua haliwezi kuwaka zaidi ya makumi machache ya mamilioni ya miaka. Basi Wells alipokosea, alikosea pamoja na walimu wake. Mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, yaani 1896, Henri Becquerel aligundua huko Paris kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe pasipo kuchochewa. Na mwaka 1903 Pierre Curie na Albert Laborde walionyesha kwamba radiamu hutoa joto bila kukoma. Kumbe katika maada mlikuwa na akiba ya nguvu ambayo Kelvin hakuitia katika hesabu yake.

Aliyeieleza akiba hiyo kwa lugha ya watu wote ni Frederick Soddy. Yeye na Ernest Rutherford walikuwa wamefanya kazi pamoja Montreal, kuanzia mwaka 1901 hadi 1903, wakathibitisha kwamba atomu za namna moja hugeuka kuwa za namna nyingine. Mwaka 1908 Soddy alitoa mihadhara Glasgow mbele ya watu wasio wataalamu, na mwaka 1909 mihadhara hiyo ikachapwa katika kitabu kiitwacho The Interpretation of Radium. Wells alikisoma. Riwaya yake ya mwaka 1914, The World Set Free, alikitunukia kitabu chenyewe cha Soddy. Mwanzoni mwa riwaya yumo profesa anayehutubia mjini Edinburgh, ameshika chupa yenye urani mkononi, naye anawaambia wasikilizaji kwamba ndani ya chupa ile imelala nguvu sawa na ile ipatikanayo kwa kuchoma tani 160 za makaa ya mawe. Mtu aliyezoea kulinganisha maandishi hatakawia kutambua kwamba profesa huyo anasema kwa sauti ya Soddy.

Yaliyofuata ni ya Wells mwenyewe. Aliweka mwaka 1933 kuwa ndio mwaka ambao mtaalamu aitwaye Holsten atafaulu kuifungua nguvu ya atomu. Kisha vinakuja viwanda vipya, wafanyakazi wengi wanakosa kazi, na hatimaye vita ambamo mabomu ya atomu yanatupwa kwa mkono kutoka ndege. Lakini bomu lake si lile tulijualo. Halipasuki mara moja na kwisha, bali huendelea kupasuka, nguvu yake ikipungua kwa nusu kila baada ya siku 17. Wells alitoa sura hiyo katika tabia ya radiamu, kwa maana nyutroni ilikuwa bado haijajulikana. James Chadwick aliigundua mwaka 1932.

Katika mwaka huo wa 1932 riwaya hii ilisomwa na Leo Szilard, mtaalamu wa fizikia mzaliwa wa Hungaria, aliyekuwa akikaa Berlin. Mwaka uliofuata alikimbilia London kwa sababu ya utawala wa Hitler. Mwezi Septemba 1933 Rutherford alihutubia mkutano wa wanasayansi mjini Leicester, akasema kwamba kutumaini kupata nguvu za kuendesha mitambo kutoka katika atomu ni ndoto tupu. Szilard alisoma habari hiyo gazetini, na alipokuwa akitembea barabarani akawaza: kama ikipatikana atomu ambayo, ikigongwa na nyutroni moja, itatoa nyutroni mbili, basi mbili zitazaa nne, nne zitazaa nane, na kuendelea. Mwaka 1934 aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa wazo hilo. Na mwaka 1936 akaiweka mikononi mwa jeshi la majini la Uingereza ili ibaki siri.

Je, twaweza kusema kwamba riwaya ndiyo iliyozaa bomu? La, hatuwezi. Nyutroni haimo katika riwaya, na kupasuka kwa kiini cha urani kulijulikana Berlin mwishoni mwa mwaka 1938 kwa kazi ya Hahn na Strassmann, kukafafanuliwa na Lise Meitner na Otto Frisch, wala hawakumhitaji Wells. Lakini Szilard mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliificha hataza kwa kuwa alijua mambo yatakayofuata, na aliyajua kwa sababu alikuwa amemsoma Wells. Riwaya, basi, haikumfundisha namna ya kufanya. Ilimfundisha kuogopa kabla kitu cha kuogopwa hakijawako. Hiyo si kazi ndogo, wala si kazi ambayo maabara yangeweza kuifanya.

Hapa pana jambo jingine ambalo wasifu wengi wa Wells hulipita upesi. Mwaka 1909, miaka mitano kabla ya The World Set Free, alitoa riwaya iitwayo Tono-Bungay. Ndani yake Mwingereza anakwenda kwa jahazi kwenye pwani ya Afrika ili kuiba kwa siri shehena ya udongo wenye mionzi. Huko anamwua Mwafrika kwa risasi, na njiani shehena hiyo inaozesha mbao za chombo hata kikazama. Mwafrika yule hana jina, wala hasemi neno. Mwaka 1915 madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchi ya Kongo, nayo yakachimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu. Barua ya Agosti 1939 ambayo Szilard alishiriki kuiandika, na Einstein akaitia sahihi, ilimweleza Rais Roosevelt kwamba chimbuko kubwa kabisa la urani ni Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe zilipelekwa New York, na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika kutengeneza mabomu wakati wa vita ilitoka mgodini humo. Lugha ya kazi katika migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Yaani kitu chenyewe kilipita mikononi mwa wasemaji wa lugha yetu zamani kabla jina lake halijaingia katika kamusi zetu.

Leo maneno tunayo. Twasema bomu la atomiki na bomu la nyuklia. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki. Na neno mionzi, ambalo wazee walilitumia kwa miali ya jua ipenyayo tunduni, limepewa kazi mpya nalo likaiweza. Lakini aghalabu twaunda istilahi baada ya kitu kufika, kama mtu anayeandika anwani juu ya mzigo ulioletwa na wengine. Kisa cha Wells chaonyesha kwamba neno laweza kutangulia. Hata neno atomu, ambalo asili yake ya Kiyunani ni kitu kisichogawanyika, halikumzuia kuwaza kugawanyika kwake. Aliliunganisha na neno bomu, na wasomaji wakapata jina la hatari miaka 31 kabla ya hatari yenyewe.

Wells alifariki London tarehe 13 Agosti 1946, mwaka mmoja na siku chache baada ya Hiroshima. Alikuwa ameishi hata akaona neno lake limekuwa kitu. Nasi tunaotunga istilahi, na wale miongoni mwetu watungao riwaya, hatuna budi kujiuliza: katika elimu zinazochipuka leo, ni kitu gani kinachopita mikononi mwa watu wetu ambacho bado hatujakipa jina? Kungojea kamusi za wengine zitujibu ni kukubali kubaki kama Mwafrika yule wa Tono-Bungay, ambaye yumo hadithini lakini hakupewa neno la kusema.