Kumpeleka mzazi katika nyumba ya wazee: mambo ya kujua kabla ya kumhamisha

Kwetu Nyantende, kama vile sehemu zingine za Kabare, mzee anazeekea katika lupango yake, karibu na migomba aliyoipanda. Ndiyo maana neno «nyumba ya wazee» linaumiza watu wengi. Wanaona ni sawa na kumtupa mzazi. Lakini watoto wamehamia Bukavu, Uvira, Kinshasa ao ngambo, na vita vimetawanya familia nyingi. Wazee wengine wanabaki na mjukuu wa miaka kumi tu, ao peke yao kabisa. Makala hii inaeleza namna ya kuamua, na namna ya kumhamisha mzee bila kumvunjia heshima.

Sheria inasema nini?

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema, katika kipengele cha 40, kwamba watoto wako na wajibu wa kusaidia wazazi wao. Kipengele cha 49 kinampa mzee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, nayo inaomba watoto kumlisha mzazi mwenye shida. Kwa hiyo, kumpeleka mzazi katika nyumba ya wazee hakumalizi wajibu wa watoto.

Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki juu ya haki za wazee mwaka 2016. Inaomba serikali zihakikishe kwamba kuishi katika nyumba ya wazee ni chaguo, si kulazimishwa, na kwamba bei haimshindi mzee.

Nyumba hizo ni za namna gani?

Katika Afrika ya mashariki, nyingi zilifunguliwa kwa ajili ya maskini wasio na mtu. Zanzibar, serikali inatunza wazee Sebleni na Welezo. Nairobi, nyumba inayoitwa Nyumba ya Wazee inaongozwa na masista. Kwetu pia, mara nyingi ni kanisa, masista ao watu wenye moyo mwema wanaobeba mzigo huo, na wanategemea misaada. Usifikiri utakuta daktari kila saa. Na usishangae wakikujibu kwamba mzee mwenye watoto hapokelewi.

Je, ni lazima ahame?

Angalia dalili hizi: mzee anaanguka mara kwa mara, anasahau mbabula ikiwaka ndani ya nyumba, anapotea njiani akitoka sokoni, anaacha dawa za tension ao za sukari, analala na njaa hata kama chakula kipo.

Mbele ya kuamua, mpeleke hospitali. Kusahau na kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kutoka kwa malaria, maambukizo, dawa mbaya ao kukosa maji mwilini, na kunatibika. Macho yenye mtoto wa jicho yanaweza kupasuliwa. Pengine mzee anahitaji miwani na mtu wa kumpikia mchana, bila kuhama.

Fikiria pia njia zingine: kumlipa jirani ao mama wa kanisa aje asubuhi na jioni, kumtoa mzee kwa mtoto mmoja huku wengine wakituma pesa, kutengeneza choo karibu na nyumba na kuondoa ngazi za udongo zinazoteleza.

Kuna jambo lingine zito. Mama wazee wengine wanaondolewa kijijini juu ya kusingiziwa uchawi. Mwaka 2021 wanawake waliuawa Sud-Kivu kwa sababu hiyo, na mkono wa kundi la watu hausubiri ushahidi. Kama mama yako anatishwa, kumhamisha haraka ni kuokoa maisha yake. Lakini mwambie ukweli, kusudi asifikiri kwamba hata watoto wake wanamsadiki mchawi.

Kuzungumza na mzee, kisha na familia

Anza na mzee mwenyewe, kwa Mashi kama ndiyo lugha ya moyo wake. Umuulize: «Mama, usiku unaogopa nini? Unataka nani akuogeshe?» Usimdanganye kwamba anaenda kutembea siku mbili. Mzee aliyedanganywa hakubali tena chakula ao dawa kutoka mkononi mwako.

Kisha kusanya ndugu wote, na walio mbali kwa simu. Andikeni kwenye karatasi: nani atalipa, kiasi gani, kila tarehe ngapi, nani atamtembelea. Mwaka 2025 benki za Bukavu zilipofungwa, familia nyingi zilibaki na simu tu kwa kupata pesa. Kwa hiyo chagueni mtu mmoja mwaminifu wa kupokea, na atoe hesabu mbele ya wote.

Lupango itabaki na nani?

Hapa ndipo familia zinapasuka. Mji wa Bukavu unapanuka na bei ya udongo inapanda, hata kwetu. Mzee akihama, majirani watasema mnataka kuuza. Msimtie mzee sahihi ao kidole kwenye karatasi yoyote katika miezi ya kwanza. Hati za lupango zifanyiwe kopi, na ndugu zaidi ya mmoja wajue zilipo. Chifu wa kijiji ajue kwamba mzee amehama na kwamba lupango bado ni yake.

Kutembelea nyumba mbele ya kukubali

Nenda bila kutangaza, saa ya chakula. Angalia kama wazee wamevaa nguo safi, kama choo kinafikika kwa mwenye fimbo. Uliza haya:

- Nani analala na wazee usiku?
- Mzee akigonjwa, anapelekwa hospitali gani, na nani analipa?
- Kuna mtu anayesema Mashi?
- Familia inaweza kuja siku yoyote?
- Akifariki, mwili unarudi Nyantende? Nani analipa gari?

Swali la mwisho ni gumu, lakini mzee mwenyewe mara nyingi analiwaza kuliko yote. Mjibu wazi.

Siku ya kuhama na majuma ya kwanza

Chukua karte d'électeur, karatasi za hospitali, dawa, kadi ya mutuelle de santé kama anayo, na karatasi za pensheni ya CNSS kama alifanya kazi. Uliza mutuelle kama kadi itamtumikia kule. Chukua pia blanketi yake, rozari ao Biblia, kikwembe anachopenda, picha za wajukuu.

Hamisheni asubuhi, na mtoto mmoja abaki naye mpaka jioni. Majuma ya kwanza atalia ao atanyamaza. Hiyo ni kawaida. Nendeni mara nyingi, na mlete sambaza ao maharagi ya nyumbani. Lakini akikonda, akiwa na alama za kupigwa, ao akiogopa kusema mbele ya watunzaji, muulizeni akiwa peke yake, na kama hali ni mbaya mrudisheni nyumbani. Huduma ya serikali ya mambo ya jamii ndiyo ya kwanza kupelekewa malalamiko.

Sikukuu zikifika, mchukueni aje akae na ninyi. Mzee anayeitwa nyumbani kwa harusi na matanga anajua bado yeye ni mkubwa wa familia.