Bweni la Wanawake Makerere: Shule Ndani ya Chuo

Wazee wetu walijua kwamba mahali wanapolala vijana ni mahali pa mafunzo. Miongoni mwa Wajaluo, kwa mfano, wasichana walilala katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim. Usiku, kazi za mchana zilipokwisha, bibi huyo aliwafunza hadithi, vitendawili, adabu na mambo ya unyumba. Hapakuwa na ubao wala chaki, lakini aliyetoka humo alikuwa amekwisha kuelimika. Katika insha hii tutaangalia jinsi mafunzo ya namna hiyo yalivyojitokeza upya katika mabweni ya wanawake ya Makerere, nchini Uganda, ambayo kwa miaka mingi ilipokea wanafunzi kutoka Afrika Mashariki nzima.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa na wanafunzi wanaume 14. Hata kaulimbiu yake ilikuwa "Tuwe Wanaume". Mwaka 1945 waliingia wanawake sita wa kwanza, na maneno hayo hayakuweza kusimama tena. Yakabadilishwa yakawa "Tunajenga kwa Ajili ya Siku Zijazo". Lakini kubadili maneno ni rahisi kuliko kubadili mawazo. Mzazi aliyeombwa kumtoa binti yake aende akaishi kati ya wanaume wageni hakuwa na budi kuuliza kwanza atalala wapi, ndipo aulize atasoma nini.

Jibu la swali hilo lilikuwa bweni. Lililo kongwe kuliko yote ya wanawake chuoni hapo ni Mary Stuart, lililopewa jina la mke wa Askofu Stuart wa Uganda, mama aliyetetea sana elimu ya wasichana. Wanafunzi wenyewe wakaliita "Box", yaani sanduku. Jina hilo la utani lina maana yake: sanduku ndimo tunamohifadhi kitu cha thamani, na ndimo pia tunamofungia kitu tusichotaka kitoke.

Hata hivyo, maisha ya humo hayakuwa ya kifungo. Wanaume walikuja kuzungumza na wasichana na kukaa kwenye mabenchi ya bweni, mpaka uchumba wa namna hiyo ukapata jina kutokana na benchi lenyewe. Lakini mazungumzo yaliyojenga zaidi ni yale ya wanawake peke yao. Binti wa Buganda aliweza kukaa jirani na binti wa Kenya au wa Tanganyika. Walilinganisha mila zao, walibishana juu ya mahari na kazi, walisukana nywele, na walichagua viongozi wao wenyewe. Binti aliyezoea kuamuliwa kila jambo nyumbani alijifunza hapo kusimama mbele ya wenzake na kutoa hoja.

Matunda yake yalionekana. Sarah Nyendwoha, aliyesoma Makerere katika miaka ya 1940, alikwenda Oxford, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi kufundisha, alikataa mshahara uliokuwa chini ya ule wa wanaume wenye elimu kama yake. Baadaye aliolewa na mchoraji mashuhuri wa Tanganyika, Sam Ntiro.

Mwaka 1990 Uganda ilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika kuingia vyuo vikuu vya umma, na idadi yao ikakua sana. Tangu hapo swali la kale limerudi kwa sura nyingine: wengi wamepata nafasi darasani, lakini si wote wanaopata kitanda bwenini. Anayepanga chumba mbali na chuo hukosa zaidi ya usingizi wa salama. Huikosa siwindhe yake. Ni wajibu wetu sisi walimu, tunapohesabu madawati, tuhesabu na vitanda.