Kabla ya Slim Shady: Barabara Moja, Pande Mbili, na Dogo Aliyerudia Darasa Mara Tatu

Ukitaja 8 Mile, watu wengi wanakumbuka ile muvi ya mwaka 2002. Dogo mzungu, kavaa kofia ya sufi, anachana mbele ya umati wa watu weusi. Lakini 8 Mile ni barabara kabisa na ipo mpaka leo, kama kilomita 13 kaskazini mwa katikati ya jiji la Detroit, Marekani. Upande wa kusini ni jiji lenyewe. Upande wa kaskazini ni vitongoji vya nje ya jiji, kama Warren. Ukitaka kujua Eminem katokea wapi, anza na hiyo barabara.

Huku kwetu ukisikia mtu anaishi nje ya mji unawaza maji ya kubahatisha na kuunga magari mawili mpaka kazini. Marekani kwa miaka mingi ilikuwa kinyume. Nje ya jiji ndiko walikokimbilia wenye uwezo, wakajenga nyumba zenye bustani na shule zilizonyooka. Na wengi wao walikuwa wazungu.

Detroit ilikuwa jiji la viwanda vya magari. Mwaka 1950 lilikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Kufika 1990 walibaki kama milioni moja tu. Wazungu walianza kuhama mapema, halafu vurugu za Julai 1967, zilizoua watu 43, zikaongeza kasi. Na mfumo uliwabeba. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alijenga ukuta wa zege karibu na 8 Mile, urefu wake kama mita 800, kutenganisha mtaa wa weusi na viwanja alivyotaka kuwauzia wazungu. Bila huo ukuta serikali ilikuwa haikubali kudhamini mikopo ya nyumba pale. Mwaka 1970 Warren ilikuwa na watu karibu 180,000, na weusi hawakufika hata 200.

Mwaka 1974 ikaja kesi ya Milliken v. Bradley. Kulikuwa na mpango wa kuchanganya wanafunzi wa Detroit na wa vitongojini, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ikaupiga chini. Kwa lugha nyepesi: watoto wa jijini wabaki na shule zao, wa vitongojini na zao. 8 Mile ikawa mpaka kweli kweli.

Sasa dogo wetu anaingia hapo. Marshall Bruce Mathers III alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1972, St. Joseph, jimbo la Missouri. Baba aliondoka Marshall akiwa bado mchanga. Mama na mtoto wakawa watu wa kuhamahama, mara Missouri, mara Michigan, shule mpya kila mara, mpaka wakatulia maeneo ya Detroit. Waliishi kwenye nyumba za trela upande wa Warren, wakaishi pia upande wa jiji, kwenye mtaa ambao familia za kizungu zilikuwa za kuhesabu.

Hapo ndipo stori yake inapopinda. Kwa rangi, Marshall alikuwa mtu wa kaskazini. Kwa mfuko, hakuwa na chake huko. Ile ahadi ya kitongoji, nyumba nzuri na shule nzuri, ilimpita pembeni. Alionewa na kupigwa sana utotoni. Pale Lincoln High School, Warren, alirudia darasa la tisa mara tatu. Akiwa na miaka 17 akaacha shule, hana cheti chochote.

Muziki alikuwa ameshaupata nyumbani. Mjomba wake Ronnie, ambaye kiumri walikuwa kama pacha, ndiye aliyemsikilizisha ngoma ya Ice-T, Reckless, kutoka kwenye muvi ya Breakin' ya mwaka 1984. Ronnie alijiua mwaka 1991. Kwa Marshall lilikuwa pigo zito, na jina la Ronnie ameendelea kulitaja kwenye kazi zake.

Lakini kupenda rap ni jambo moja, kukubalika ni jingine. Na kipindi hicho ilikuwa balaa kwa mzungu kushika maiki, sababu ya mtu mmoja: Vanilla Ice. Mwaka 1990 ngoma yake ya Ice Ice Baby ilikuwa rap ya kwanza kushika namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100. Lebo ikamtangaza kama mtoto wa mitaa migumu ya Miami. Waandishi wa habari walipochimba, wakakuta sehemu kubwa ya ujana wake aliikula kwenye vitongoji vya Dallas, Texas. Heshima ikaisha. Tangu hapo kila mzungu aliyejaribu kuchana alionekana msanii wa kuigiza.

Aliyemfungulia Marshall mlango alitoka kusini mwa barabara. Jina lake DeShaun Holton, maarufu kama Proof, kijana mweusi wa Detroit. Walijuana wangali wadogo, na Marshall alikuwa akizamia mpaka Osborn High School, shule aliyosoma Proof, akachuane na wanafunzi kwenye ukumbi wa chakula. Baadaye Proof ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa michuano ya Jumamosi pale Hip Hop Shop, duka la nguo la barabara ya West 7 Mile. Wasikilizaji wa pale hawakuwa na huruma. Ukiwa mbovu unazomewa, uwe nani. Marshall alikomaa hapo mpaka wakamkubali.

Mwaka 1996 akatoa albamu ya kwanza, Infinite. Nakala kama elfu moja tu, za kuuza mkononi. Haikwenda popote. Watu wakasema anamuiga Nas na AZ, na redio za Detroit zikampotezea. Wakati huo ana binti mchanga, Hailie, aliyezaliwa Krismasi ya 1995, na anapika kwenye mgahawa wa Gilbert's Lodge, St. Clair Shores, kwa ujira wa kima cha chini.

Kufeli huko ndiko kulikozaa Slim Shady. Infinite ilikuwa ya kijana anayetaka aonekane kama rapa wa New York. Slim Shady EP, mwaka 1997, ilikuwa ya mtu asiye na cha kupoteza: mlevi, mkorofi, masikini, mzungu wa kwenye trela, na anavisema vyote kabla hujamtangulia. Vanilla Ice alikificha kitongoji chake. Eminem alikitangaza, na aibu zake zote ndani.

Mwaka huo huo akaenda Los Angeles kwenye shindano la Rap Olympics. Akashika nafasi ya pili, na aliumia sana maana alikuwa ametoka kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Lakini kazi yake ikafika Interscope kwa Jimmy Iovine, naye akamsikilizisha Dr. Dre. Dre akataka aletewe huyo mtu haraka. Februari 1999 The Slim Shady LP ikatoka na kuingia namba mbili kwenye chati ya albamu ya Billboard. Mwaka uliofuata, The Marshall Mathers LP iliuza zaidi ya nakala milioni 1.7 ndani ya wiki ya kwanza Marekani pekee.

Ukirudi kwenye muvi, kumbuka ule mchuano wa mwisho. Rabbit anashinda kwa kujitaja mwenyewe: anaishi kwenye trela, kapigwa, kachukuliwa demu. Halafu anamgeukia mpinzani wake anayejifanya mgumu na kumwambia alisoma Cranbrook. Hiyo ni shule ya kweli, ya kulipia, kwenye vitongoji vya matajiri. Ndiyo somo la Hip Hop Shop: ukitoka pembezoni sema umetoka pembezoni, ukidanganya watakuvua nguo.

Ila stori isiishie kwenye kutoboa tu, maana barabara haikuondoka. Eminem mwenyewe alisema kwenye White America, mwaka 2002, kwamba rangi yake ilimsaidia kuuza. Kuna vijana wangapi pale Hip Hop Shop waliochana vizuri kama yeye na hawakuitwa na lebo yoyote? Aliukosa utajiri wa kitongoji, lakini alipofika sokoni ngozi yake ilipita pale ambapo wenzake walikwama. Kipaji ni chake, na jasho ni lake. Mlango ulifunguliwa na weusi, kuanzia Proof mpaka Dre.

Na Proof? Alfajiri ya tarehe 11 Aprili 2006 aliuawa kwa risasi kwenye klabu moja Detroit, akiwa na miaka 32. Klabu hiyo ilikuwa kwenye barabara ya 8 Mile.

Kwa hiyo wadau, mkibishana tena nani rapa bora wa muda wote, mtieni Proof kwenye hesabu. Bila yeye, dogo wa trela angevuka vipi ile barabara?