Digrii inalipa? Piga hesabu hizi kabla familia haijauza injini ya boti

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, nyumba nyingi za Mwanga, Ujiji na Katonga hukaa kikao kimoja: tuuze nini mtoto aende chuo? Wapo wanaouza shamba la michikichi, wapo wanaouza injini ya boti. Kijana akirudi na cheti halafu akakaa bila kazi, familia imepoteza mara mbili: pesa imeenda, na kilichokuwa kinaleta pesa kimeenda pia.

Kabla ya kuuza chochote, pitia mambo haya manne.

1. Ada siyo gharama yote

Digrii nyingi kwenye vyuo vya umma zina ada ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Kula na kulala ndiko kunakomaliza watu. Bodi ya Mikopo (HESLB) ilipandisha pesa ya kujikimu, maarufu kama bumu, kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022.

Tuseme ada ni 1,300,000 na siku za masomo ni 240 kwa mwaka. Hapo ni 3,700,000 kwa mwaka, sawa na 11,100,000 kwa miaka 3. Nauli, vitabu na simu bado.

Ongeza na ulichokiacha. Kama biashara ya dagaa au bodaboda ingekuwezesha kuweka akiba ya 100,000 kwa mwezi, miaka 3 ni 3,600,000.

2. Mkopo siyo zawadi

Ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara ukiwa 700,000, makato ni 105,000 kila mwezi, na deni la 11,100,000 litaisha baada ya karibu miaka 9. Ukijiajiri, bado unadaiwa. Ukiacha chuo njiani, unadaiwa pia.

Habari njema ni kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kila mwaka kama zamani. Kwa familia isiyo na akiba, mkopo huu ni afadhali kuliko kuuza mtaji.

3. Foleni ya ajira ni ndefu

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walikuwa zaidi ya 135,000, yaani karibu watu 85 wakigombea kiti kimoja. Kozi unayoitaka ikiwa inategemea serikali peke yake, jiulize: nisipopata, nitafanya nini nayo?

Lakini usidanganywe kwamba mtaani ndiyo salama. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Aliyekuwa anategemea dagaa na migebuka pekee alikaa miezi 3 akitafuta namna. Ujuzi wa pili ni muhimu, uwe wa chuo au wa mtaani.

4. Kuna njia fupi, na nyingine ziko hapa hapa

- VETA Kigoma: ada ya kozi ndefu ni 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Mahitaji ya mafunzo ni juu yako.
- FETA Kibirizi: mafunzo ya uvuvi, pembeni ya ziwa.
- TIA Kigoma: uhasibu na biashara, huku unalala nyumbani.
- Diploma kwa mkopo: tangu 2023/24, HESLB inakopesha wanafunzi wa diploma kwenye fani za kipaumbele, zikiwemo afya, kilimo na mifugo, na usafirishaji.

Ukisoma ukiwa nyumbani, ile 2,400,000 ya kula na kulala inapungua sana.

Lini digrii inalipa?

Inalipa pale ambapo bila hiyo huruhusiwi kufanya kazi yenyewe: udaktari, ufamasia, uhandisi, uwakili. Inalipa pia kama unajua mapema utaitumiaje. Isipolipa, mara nyingi ni kwa sababu kozi ilichaguliwa kwa kufuata rafiki, au kwa kuwa ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu:

- Hakikisha chuo kimetambuliwa: TCU kwa digrii, NACTVET kwa diploma na cheti.
- Tafuta watu 3 waliomaliza kozi hiyo ndani ya miaka 5. Waulize wanafanya nini leo, siyo walisoma nini.
- Omba mkopo kwanza, ndipo mjadili cha kuuza.
- Kama lazima muuze, anzeni na kisichoingiza pesa. Injini iwe ya mwisho.

Mzazi, usione haya kumuuliza mtoto hesabu hizi. Na wewe kijana, usikasirike ukiulizwa. Pesa inayojadiliwa pale ni chakula cha wadogo zako pia.