Kumbukumbu ya Bibi Yetu wa Buyenzi



Kamati imeamua ukurasa huu wa kumbukumbu uwe wa bibi mmoja tuliyemzika hapa kambini. Jina lake hatuliandiki, kwa kuwa familia imeomba hivyo. Tena wengi wetu hatukulijua. Tulimwita Bibi, na hata wazee wenye mvi walimwita Bibi. Kadi yake ilisema alizaliwa tarehe 1 Januari 1935. Tarehe hiyo huandikiwa kila mzee asiyejua siku yake. Mwaka tuliukadiria pamoja naye: vita vikuu vya pili vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa ameanza kujifunza kufunga Ramadhani, na uhuru ulipofika mwaka 1962 alikuwa mama wa watoto wawili. Basi ameondoka akiwa amekaribia miaka 90, na miaka hiyo ni historia ya mji wetu wa Bujumbura.

Bibi alizaliwa Buyenzi, mtaa ambao watu wa mjini huuita mtaa wa Waswahili. Vijana waliozaliwa kambini wanapaswa kujua maana ya neno hilo. Waswahili wa Buyenzi si kabila moja. Wapo waliotoka Ujiji, wapo wenye asili ya Manyema huko Kongo, wapo Warundi walioshuka kutoka milimani kutafuta kazi. Baba yake Bibi alikuwa mtu wa Ujiji, mchukuzi wa mizigo bandarini. Mama yake alikuwa Mrundi wa milimani. Nyumbani walisema Kiswahili na Kirundi kwa pamoja, na Bibi alikuwa akianza sentensi kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine mpaka mwisho wa maisha yake.

Mji huo wakati ule uliitwa Usumbura. Wajerumani walikuwa wameweka boma lao pale, kisha mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka, wakaufanya makao ya utawala wao wa Ruanda-Urundi. Bibi alipokuwa mtoto alimpelekea baba yake chakula bandarini, na huko ndiko alikoiona meli ya Liemba. Meli hiyo Wajerumani waliiunganisha Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiopoa, ikarudi kazini mwaka 1927. Bibi alipenda kutusimulia namna watoto wa Buyenzi walivyoshindana mbio kufika bandarini waliposikia honi yake. Alisema yeye hakushindwa hata siku moja. Wazee wenzake walikuwa wakimpinga, naye akicheka.

Aliolewa, akaanza kuuza vitumbua alfajiri mbele ya nyumba. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alipowakutanisha wafanyabiashara wa Usumbura ili waunde ushirika wao, Buyenzi iliitikia, na Bibi alihesabu kuwa naye ni mfanyabiashara. Chama cha Uprona kiliposhinda uchaguzi wa Septemba 1961, aliacha biashara siku nzima akacheza ngoma. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore aliuawa kwa risasi. Bibi alifuata mazishi akiwa na mtoto mgongoni. Alituambia kwamba siku ile hakuona mtu akimuuliza mwenzake wewe ni nani. Tarehe 1 Julai 1962 Burundi ikapata uhuru, na Usumbura ikawa Bujumbura. Bibi aliendelea kusema Usumbura.

Mwaka 1972 mauaji yaliikumba nchi yetu. Mume wake alikuwa karani. Alitoka asubuhi kwenda kazini, hakurudi. Bibi hakupewa mwili wala karatasi, na hakuolewa tena. Tunaandika jambo hili kwa sababu watu wengi waliomfahamu kambini walidhani mtu anayecheka vile hakuwahi kuonja machungu. Aliyaonja. Mmoja wetu alimuuliza aliwezaje kuendelea, naye akajibu, "Mwanangu, watoto waliamka na njaa." Akawakaangia vitumbua wale, vilivyobaki akauza.

Alisomesha watoto wanne kwa kikaango kile. Hakukosa arusi Buyenzi, aalikwe asialikwe. Mwaka 1992 timu ya Vital'O ilipofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, aligawa vitumbua bure, na timu iliposhindwa aligawa tena, akisema kwamba wenye huzuni nao hula. Mwaka 1996, nchi ikiwa vitani, Vénuste Niyongabo alishinda mbio za mita 5000 huko Atlanta, akaipa Burundi medali ya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Bibi alitoka nje akapiga vigelegele peke yake, wakati majirani walikuwa wakiogopa kufungua milango.

Lakini sababu kubwa ya kumkumbuka ni Machi 1995. Rais Melchior Ndadaye alikuwa ameuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na baada ya hapo mitaa ya Bujumbura iligawanyika mmoja baada ya mwingine, huu wa hawa na ule wa wale. Buyenzi na Bwiza zilibaki na watu waliochanganyika mpaka mwezi huo. Kisha vurugu zikafika. Watu waliuawa, na maelfu wakakimbia, wengi kuelekea Uvira. Katika uwa wa Bibi waliingia watoto wa majirani, wa hawa na wa wale. Aliwalaza chini ya vitanda na nyuma ya magunia ya mkaa. Usiku aliwapikia uji. Walipoanza kulia aliwaambia wategeane vitendawili kwa kunong'ona, na atakayekosa jibu ampe mji mwenzake. Watu wenye silaha walipobisha hodi na kuuliza watoto wale ni wa nani, alijibu kwamba wote ni wajukuu zake. Wakamwambia sura zao hazifanani. Akajibu, "Na binti zangu hawakuolewa na mume mmoja." Mmoja wao akacheka, wakaenda zao.

Wawili kati yetu tunaoandika ukurasa huu tulikuwa ndani ya uwa ule. Mmoja anahesabiwa upande huu, mwingine upande ule. Hatutasema nani ni nani, kwa sababu yeye hakutuuliza. Tangu siku zile tunamwita Bibi, na tulipokutana tena kambini, kila mmoja akiwa na kinyongo cha watu wake, ni yeye aliyetuketisha kwenye mkeka mmoja. Kamati hii ilianzia hapo.

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na baada ya miaka kadhaa tulidhani safari zimekwisha. Mwaka 2015 fujo za siasa zikarudi. Bibi alikuwa na umri wa miaka kama 80. Wajukuu wake walimpeleka kusini mpaka Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ufukweni, ambako maelfu ya watu walikuwa wamebanana baina ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikawaingilia. Mwezi Mei meli ilikuja kuwachukua watu kuwapeleka Kigoma. Meli yenyewe ilikuwa Liemba. Wengi tulipanda tukilia. Bibi alipapasa ukuta wa meli, akasema, "Baba alikubebea mizigo, leo nawe nibebe mimi." Mkononi alikuwa na kikaango cha vitumbua.

Hapa kambini alipika alipopata unga. Alifundisha wasichana kukaanga, na baadhi yao leo wanalisha familia zao kwa kazi hiyo. Aliimba kwenye arusi mpaka mwaka wa mwisho, ingawa alikuwa ameketi. Asubuhi ya siku aliyofariki aliuliza kama mjukuu wake amekula.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru kwa dawa na kwa sanda. Tuna ombi moja. Katika daftari Bibi aliandikwa "mzee asiyejiweza", na msaada aliopata kwa maneno hayo ulimfaa. Lakini daftari hilo halikuwa na mahali pa kuandika kwamba ameokoa watoto kumi na mmoja. Mnapomwandikisha mzee, mkipata nafasi, muulizeni pia alikuwa nani.

Nanyi vijana mliozaliwa hapa, Bujumbura mnaijua kwa maneno ya wakubwa, na maneno hayo mara nyingi ni ya hasira. Hatusemi hasira hiyo haina sababu. Tunasema kwamba katika mji huohuo kulikuwa na uwa wa Bibi. Siku mtakapoulizwa mmetoka wapi, elezeni yote mawili. Wenye wazee nyumbani, kaeni nao mwandike wanayoyakumbuka, tarehe na majina ya mitaa, kisha mleteeni katibu wa kamati. Tutayahifadhi.

Kaburi lake tumeliwekea mawe na kupanda mti pembeni. Buyenzi ni mbali, lakini hakulala ugenini. Amezungukwa na wajukuu. Mwenyezi Mungu amrehemu, amlaze mahali pema. Amina.

Sisi wajukuu zake,
Kamati ya Jamii