Kung'amua Wito wa Utawa Mbele ya Jumuiya Zinazojiita "Katoliki Huru"



Maparokiani mwetu hujitokeza kijana, wa kike au wa kiume, mwenye nia njema ya kumtumikia Mungu, ambaye amealikwa kujiunga na nyumba ya kitawa isiyojulikana jimboni. Mavazi ya kitawa yapo, sala za vipindi zipo, na jina la mtakatifu limeandikwa langoni. Swali analotuletea ni moja: je, hapa ndipo Mungu anaponiita? Tunapenda kulijibu kwa utaratibu, kwani anayeuliza yuko tayari kutoa maisha yake yote.

Nani huuthibitisha wito?

Wito huanza kwa Mungu na kusikika moyoni, lakini moyo peke yake hautoshi kuupima. Samweli alipoitwa usiku alimwendea Eli mara tatu, ndipo akaelekezwa ni nani anayemwita. Mtakatifu Fransisko wa Assisi, ambaye karama yake haina shaka, alikwenda Roma mwaka 1209 kuomba kibali cha Papa Inosenti wa Tatu, na Kanuni ya ndugu zake ikathibitishwa na Papa Honorio wa Tatu mwaka 1223. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unafuata njia hiyohiyo: nadhiri ya hadhara ni ile inayopokelewa na mkuu halali kwa jina la Kanisa (kanuni 1192). Mtawa hajipi utawa, bali anaupokea.

Tusizichanganye jumuiya hizi

Kwanza, kuna jumuiya changa iliyo chini ya Askofu. Upya si kosa. Kwa kawaida jumuiya ya namna hii huanza kama chama cha waamini, na karama yake ikiisha kupimwa yaweza kuwa shirika lenye hadhi ya kijimbo. Tangu tarehe 10 Novemba 2020, kwa Barua binafsi ya Papa Fransisko iitwayo *Authenticum charismatis*, Askofu hawezi kuanzisha shirika la namna hiyo kihalali pasipo kibali cha maandishi cha Kiti cha Kitume (kanuni 579).

Pili, kuna kundi la waamini waliobatizwa katika Kanisa Katoliki lakini halitambuliwi na Askofu yeyote. Neno la mwanzilishi ndilo sheria. Chama chochote kinakatazwa kujiita "katoliki" bila idhini ya mamlaka halali ya Kanisa (kanuni 300).

Tatu, kuna jumuiya za makanisa yaliyojitenga. Mengine yana historia ndefu: huko Utrecht, Uholanzi, Cornelius Steenoven aliwekwa wakfu kuwa askofu mkuu mwaka 1724 bila kibali cha Papa, na wengine walijitenga baada ya Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano. Barani Afrika, kanisa la Legio Maria lilizaliwa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1960. Lisichanganywe na Legio ya Maria, chama cha kitume tulicho nacho parokiani. Mwaka 2006 Emmanuel Milingo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Lusaka, aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila kibali cha Papa, akapatwa na adhabu ya kutengwa na Kanisa. Waamini wa makanisa hayo hatuwadharau. Wengi husali kwa unyofu. Lakini kijana mkatoliki ajue kwamba kuingia humo ni kuacha ushirika kamili na Kanisa, wala si kuchagua shirika moja kati ya mengi.

Maswali matano ya kuuliza

1. *Ni Askofu gani anayeitambua jumuiya hii?* Hati yake iombwe, na ukweli wake uulizwe katika ofisi ya Kansela wa Jimbo.

2. *Malezi yanachukua muda gani?* Hakuna anayeingia unovisi kabla ya miaka 17. Unovisi ni miezi 12 kwa uchache, nadhiri za muda si chini ya miaka 3, na nadhiri za daima haziwekwi kabla ya umri wa miaka 21. Shirika halali hudai pia vyeti vya Ubatizo na Kipaimara. Pale wasipotaka kujua lolote kutoka parokiani, tuwe na tahadhari.

3. *Mali yangu inakwendaje?* Kabla ya nadhiri za kwanza mtawa humkabidhi mtu anayemchagua mwenyewe usimamizi wa mali yake (kanuni 668). Anayemdai mwombaji hati ya shamba la familia siku ya kuingia hafuati sheria ya Kanisa.

4. *Je, dhamiri yangu ni huru?* Wakuu wanakatazwa kumshawishi mtawa kwa namna yoyote awafunulie dhamiri yake (kanuni 630).

5. *Je, naweza kuondoka?* Novisi yuko huru kutoka (kanuni 653).

Kwa aliyekwisha kuingia

Anayetoka katika shirika halali hawezi kudai ujira wa kazi aliyoifanya, lakini shirika linawajibika kumtendea kwa haki na mapendo (kanuni 702). Anayetoka katika kundi lisilotambuliwa, hata baada ya miaka kumi ya kulima na kufundisha, hana mkuu wa kumlilia. Ndiyo maana parokia yake impokee bila kumcheka. Asiogope pia kuhusu nadhiri zake: si za hadhara, na kama alimwekea Mungu nadhiri binafsi, Baba Paroko anaweza kumwondolea kwa sababu ya haki (kanuni 1196).

Kwa ambaye bado yuko nyumbani, tunashauri hivi: kabla ya kufunga mizigo, mwone Baba Paroko au Mkurugenzi wa Miito wa Jimbo, mwandikie jina la jumuiya na mahali ilipo, kisha endelea kusali na kupokea Sakramenti huku ukingoja. Wito utokao kwa Mungu hauharibiki kwa kusubiri jibu la barua.