Ng'ombe wa Kagera Walioingia Nyumbani Kwetu

Katika maadhimisho haya tunamshukuru Mungu kwamba watu wa Kampala, Bukoba na Arua tunakula meza moja. Lakini kuna historia kati yetu, na sehemu yake ilipitia nyumbani kwetu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilivuka mpaka likaingia Kagera, Tanzania. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote ya kaskazini mwa mto Kagera sasa ni ya Uganda. Watu waliuawa, wanawake walinajisiwa, nyumba zilichomwa, na ng'ombe wakaswagwa kuletwa huku. Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Baba yangu alikuwa askari katika jeshi lile. Alirudi West Nile na ng'ombe, na kwa ng'ombe hao akamtolea mama mahari. Mama ndiye aliyetuambia, baba akiwa ameshazikwa.

Je, mimi nina hatia? Ezekieli 18 inakataa kabisa mwana ahukumiwe kwa uovu wa baba. Sisi wa West Nile tunalijua hilo kwa machungu. Mwaka 1980 na 1981 watu wengi wa kwetu waliuawa, wengine wakakimbilia Sudan na Zaire, kwa sababu tu Amin alikuwa wa kwetu. Hata bibi kizee ambaye hajawahi kushika bunduki alihesabiwa kuwa Amin.

Lakini Nehemia naye, ambaye hakuwepo Yerusalemu ilipoanguka, aliungama akaitaja nyumba ya baba yake. Alikataa kuificha. Hapo ndipo na mimi nimesimama. Wizi ule ni wa baba, ila faida yake ilinifikia mimi, na nikinyamaza, kunyamaza huko ni kwangu.

Zakayo hakuishia kutubu kwa mdomo, alirudisha. Sisi watoto tumekubaliana kuchanga, tununue ng'ombe kwa wajane wa ushirika wetu upande wa Missenyi. Waliokufa hawalipiki, hilo tunajua. Tunataka ndugu zetu wajue mali yao iliishia wapi.

Wapendwa, wazee wetu wanaondoka. Kaa nao, waulize: mlifanya nini, na mlifanyiwa nini? Halafu tuombe pamoja tukijua tunaombea nini.